Banda la Fagio na Kisima cha Sindano

Watu walimwita Fagio, na aliyepita mbele ya banda lake la ng'ombe asubuhi hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Angemkuta amevaa buti nyeupe za mpira, mpira wa maji mkononi, akiosha sakafu ya saruji kwa bidii ya mtu anayetarajia wakwe. Alianzia kwenye hori, akashuka hadi kwenye mfereji, akarudi juu, akapiga maji kuta zote nne, kisha akaosha kwato za ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe akithubutu kunya katikati ya shughuli hiyo, Fagio alimtazama kwa uchungu mkubwa, akatikisa kichwa, akaanza upya.

Matokeo yalionekana, hilo tusimnyime. Daktari wa mifugo aliwahi kusema kwamba katika banda lile mtu angeweza kukaa chini akala chakula chake. Hakukaa wala hakula, lakini alisema, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyefika kwa Fagio akaondoka bila kusimuliwa maneno ya daktari. Maziwa yake hayakuwahi kukataliwa kituoni. Wafugaji wenzake walimcheka buti zake na kumwonea wivu kimyakimya, naye alijua yote mawili na yote mawili yalimfurahisha.

Maji yote hayo yalikwenda wapi? Yalibeba kinyesi na mikojo, yakateremka na mfereji hadi nyuma ya banda, yakaingia shimoni. Na shimo likijaa? Hapo Fagio hakuwa na jibu kwa sababu hakuwahi kujiuliza. Alilitazama shimo kutoka upande wa banda, akaona maji machafu yamefika hapo yalipotakiwa kufika, akageuka. Upande wa pili, kule mteremko unakoanzia, kulikuwa na magugu na tope, naye alivaa buti nyeupe.

Chini ya mteremko huohuo aliishi mdogo wake wa kike, fundi cherehani, mjane mwenye mwana mmoja aliyefanya kazi mjini. Huyu aliitwa Sindano kwa sababu mbili, na cherehani ilikuwa moja tu kati ya hizo. Kila asubuhi, maziwa yakishapelekwa kituoni, Fagio alishuka kwake na chupa ya maziwa, Sindano akachemsha chai, wakakaa barazani wakabishana. Walibishana nani kati yao alipendwa zaidi na mama yao, nani alivunja kioo cha kabati utotoni, na kama shati la Fagio lilikuwa limebana kwa sababu ya mshono au kwa sababu ya tumbo. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote katika siku yake, ingawa hata ungembana kwa koleo asingekubali.

Asubuhi moja walikuwa hapo barazani wakati mkokoteni ulipoingia uani na muuza maji akaita.

"Mama, haya madumu yako niyashushe palepale pa siku zote?"

Sindano alimkata jicho ambalo mtu mwenye akili angelielewa. Muuza maji hakulielewa.

"Maji ya dumu?" Fagio akaweka kikombe chini. "Wewe si una kisima?"

"Nimechoka kuvuta kamba, kaka."

"Mkono unaozungusha cherehani kutwa nzima umechoka kuvuta kamba?"

"Mama ni mteja wangu tangu zile mvua zilizopita, mzee," muuza maji akasaidia kwa moyo safi. "Hajanikosa hata siku moja."

"Wewe," Sindano akamgeukia, "umekuja kuleta maji au kuleta mdomo?"

Maskini akashusha madumu harakaharaka akaondoka zake. Fagio naye hakungoja maelezo. Alizunguka nyumba hadi kisimani, akatupa ndoo, akavuta, akainamisha pua. Hakuhitaji kuinusa mara mbili. Harufu ile aliijua kuliko harufu ya nguo zake mwenyewe.

Alirudi barazani taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ningekuambia nini? Mtu anayeosha ng'ombe kwato, nimwendee nimwambie uchafu wake uko kisimani kwangu? Ungekufa hapohapo, nami jeneza lako nisingeliweza kulibeba."

"Banda langu ni safi!"

"Ni safi, kaka. Uchafu wote uko kwangu, litaachaje kuwa safi?"

Alilisema bila hasira, akimwongezea chai, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kisha, kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwisha kufumuka, akafumua na lililobaki. Mwanawe alikuwa amempatia chumba mjini, jirani na kwake, chenye bomba la maji ndani kwa ndani. Angekuja na gari kumhamisha kabla mvua kubwa hazijaanza. Sindano alikuwa amekubali.

"Kisima hiki kiangazi kina afadhali, kinanuka tu," alisema. "Mvua ikinyesha ndipo kinapogeuka choo. Msimu uliopita niliugua tumbo hadi nikaanza kuwaza nani atarithi mikasi yangu. Sitaki msimu mwingine wa namna ile."

Fagio alisimama. Chai aliiacha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika baraza ile.

Alipanda mteremko moja kwa moja hadi nyuma ya shimo, akaingia kwenye magugu na buti zake nyeupe. Hapo aliona alichopaswa kukiona miaka mingi nyuma. Ukingo wa shimo ulikuwa umelika, na kutoka pale ulipolika ulianza mkondo mweusi, uliokauka juu na bado laini chini, ukateremka kati ya magugu, ukapinda penye jiwe, ukanyooka tena kuelekea kisima cha mdogo wake. Haukuwa mkondo wa siku moja. Aliona haya, haya ya kweli ile inayochoma masikio hata kama hakuna anayekutazama.

Fagio hakuwa mtu wa kukaa na haya muda mrefu. Kabla jua halijazama alikwisha kuita wachimbaji. Wakapanua shimo, wakalizungushia upande wa mteremko tuta nene, wakasiliba kuta kwa udongo wa mfinyanzi, mchimbaji mmoja akauliza kama wanachimba shimo la samadi au la kufugia viboko. Kazi ilipokwisha, Fagio alimwita Sindano aje aone.

Sindano akaja, akashika kiuno, akalizunguka lote.

"Zuri," akasema. "Sasa utalijaza lini?"

"Hili? Hili halijai hata kwa dawa!"

Likajaa. Lilichukua muda mrefu kidogo kuliko la kwanza, lakini maji yalikuwa yakipanda kila jioni, na Fagio akaanza kulala vibaya. Aliwashuku wachimbaji kwamba wamepasua chemchemi. Aliwashuku ng'ombe, hasa yule mkubwa aliyeitwa Bibi Harusi, kwamba wanakunywa maji kupita kiasi. Mkewe alimsikiliza wakati wa chakula akiwapangia ng'ombe zamu za kunywa, akamwongezea mboga.

Ndipo pampu ilipokufa. Ilikohoa asubuhi moja, ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi pampu aliifungua, akaiangalia ndani kwa huzuni ya daktari wa wagonjwa mahututi, akasema ameagiza kifaa na kitafika kesho. Kesho ya mafundi, kila mtu anaijua. Maji yaliyokuwamo kwenye tangi yalitosha ng'ombe kunywa na kuosha viwele kabla ya kukamua, basi. Ya kuosha sakafu hayakuwapo.

Fagio alisimama katikati ya banda na mpira mtupu mkononi, akionekana amefiwa. Mkewe akamletea koleo, na ubao uliopigiliwa kwenye mpini mrefu, ule waliotumia zamani kabla ya pampu.

"Kwangua," akamwambia.

"Nikwangue bila maji?"

"Baba yako alifuga miaka yote bila pampu. Au alikuwa mchafu?"

Huwezi kumjibu mke swali kama hilo. Fagio akakwangua. Alisukuma kinyesi kwa ubao, akakizoa kwa koleo, akakijaza kwenye toroli, akakipeleka kando, mahali palipoinuka, akakirundika na kukifunika kwa majani makavu. Aliona sakafu imebaki na doa hapa na mstari pale, akajisikia vibaya mno. Lango la banda akalifunga ili wapita njia wasione. Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja mtamba, Fagio alimpokea nje na kumwambia banda liko kwenye matengenezo, tafadhali amchanjie huku huku. Daktari akachungulia juu ya lango, akaona, akashangaa matengenezo gani hayo, akamchanja mtamba hapohapo nje.

Siku zikapita na kifaa hakikuja. Fagio alikwangua asubuhi, akakwangua jioni, akinung'unika. Ng'ombe hawakunung'unika. Sakafu ilikuwa kavu, wakaanza kulala pale walipokuwa hawalali, hata Bibi Harusi, aliyezoea kulala amesimama nusu. Maziwa yalikwenda kituoni yakapokelewa kama kawaida.

Jioni moja alikwenda shimoni kwa mazoea ya kwenda kujitia wasiwasi. Akatazama, akafikiri macho yanamdanganya. Ukutani kulikuwa na mstari wa unyevu ulioonyesha maji yalipokuwa yamefika, na maji yenyewe yalikuwa chini yake, tena chini sana, jua lilikuwa likiyala siku hadi siku na hakuna kilichoongezeka ila mikojo kidogo. Ng'ombe walikuwa walewale. Walikunywa kama jana na walikunya kama jana. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho kilikuwa kimening'inia msumarini bandani, kimekauka.

Fagio aliketi juu ya tuta.

"Ni mimi," alisema kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kumsikia ila Bibi Harusi, naye alikuwa anacheua. "Nilikuwa najaza shimo mimi mwenyewe."

Kifaa cha pampu kilifika siku iliyofuata, na hapo ndipo mtu huyu alipopimwa. Maji yalirudi kwa kishindo, mpira ukajaa, ukajinyoosha sakafuni, na mkono wa Fagio ukawasha. Akaushika mpira. Madoa yote ya majuma mazima yalikuwa pale mbele yake yakimdhihaki. Mkewe alisimama mlangoni akingojea kuona. Fagio alipumua, akatoa kisu, akaukata mpira ule mrefu mzuri karibu na bomba, kiasi kwamba kipande kilichobaki kilifika sehemu ya kukamulia tu, pa kuoshea viwele na ndoo. Hakikufika kwingine hata ungekivuta kwa meno.

"Pole," mkewe akasema, na hakuwa anamtania.

Kuanzia hapo alikwenda na kazi kwa kichwa kipya. Alipomweleza daktari wa mifugo ukweli wote, daktari alicheka hadi akashika ukuta, kisha akampa na lake: mvua ya kwenye bati isiingie shimoni hata tone. Fagio akafunga mifereji ya paa, ikapeleka maji ya mvua tangini. Maji ya shimo akaanza kuyachota siku za jua na kuyamwagia shamba la majani ya ng'ombe upande wa pili wa kilima, mbali na kisima cha mtu yeyote, kidogo huku, kidogo kule, ardhi iyanywe isije ikayatapika. Majani yakashika rangi ya kijani hadi jirani akauliza amenunua mbolea gani. Buti zake zikawa za kahawia, naye akaacha kuzitazama.

Kisha akashuka kwa Sindano, akiwa amejipanga.

"Si ng'ombe, si wachimbaji," akasema. "Ni mimi na mpira wangu. Nilikuwa naosha banda langu na kukuletea wewe maji ya kuoshea."

Sindano alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa.

"Hilo nililijua tangu mwanzo."

"Ulilijua? Na ukaniacha nichimbe shimo la viboko?"

"Ungenisikia? Ningekwambia acha kuosha, ungeosha mara mbili kunionyesha."

Ilikuwa kweli tupu.

Wakakifukua kisima pamoja, yeye na wachimbaji walewale. Wakakausha maji yote, wakasugua kuta, wakatoa tope la chini, wakatia dawa, wakainua mdomo wa kisima kwa matofali na kuufunika. Maji mapya yalipojaa, Sindano alivuta ndoo, akanusa, akanusa tena.

"Hayanuki," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kiangazi. Ngoja mvua inyeshe ndipo utajua. Mwanangu anakuja mwisho wa juma."

Fagio hakubishana. Alipanda mteremko akiwa na uzito ambao hakujua auweke wapi. Angeweza kuvumilia sakafu yenye madoa. Kushuka mteremko ule asubuhi akute mlango umefungwa, hilo hakuona atalivumilia vipi.

Mwisho wa juma ukafika, na mwana wa Sindano akaja na pikapu ya kuazima. Alikuwa kijana mpole mwenye haraka. "Shikamoo, mjomba," alimwambia Fagio bila kumtazama sana usoni, kwa sababu alijua analofanya linamuuma. Wakapakia kitanda, wakapakia sanduku, vyungu, marobota ya vitambaa, na mwisho cherehani, wakaifunika kwa turubai. Mawingu yalikuwa yamejikusanya tangu asubuhi. Kijana alipokuwa anafunga kamba ya mwisho, tone la kwanza likamgonga utosini, kisha mbingu ikafunguka yote kwa pamoja.

"Ingia garini, mama! Tungoje ipungue!"

Fagio hakungoja kitu. Alinyakua koleo, akapanda mteremko mbio, umri wake ukiwa umesahaulika, akasimama juu ya tuta la shimo lake. Mvua ilimpiga hadi shati likamganda. Maji ya paa yalikimbia kwenye mifereji yakaingia tangini kwa kelele. Shimoni yaliingia yale tu yaliyotoka juu moja kwa moja. Aliyatazama yakipanda. Yalipanda polepole mno, na bado nafasi iliyobaki hadi ukingoni ilimpita kimo mtoto. Hata hivyo Fagio hakuondoka. Alisimama na koleo lake, tayari kuziba kwa mwili kama ingebidi.

Akahisi mtu pembeni. Sindano alikuwa amepanda, amejifunika nailoni ya kufungia vitambaa, viatu mkononi.

"Utaugua kifua," akamwambia.

"Rudi garini."

"Unafanya nini hapa?"

"Naangalia."

Wakaangalia pamoja. Mvua haikuwa na nia ya kupungua. Baada ya kitambo Fagio akasema kitu.

"Nini?" Sindano akauliza. "Sema kwa sauti, sikusikii."

"Nimesema nisingependa uondoke!"

"Nini?"

"NISINGEPENDA UONDOKE!"

Mvua ikachagua wakati huohuo kupumzika kidogo, na sauti ya Fagio ikateremka mteremko mzima, ikafika garini. Kijana akachomoa kichwa dirishani. Mke wa Fagio akatokea mlangoni pa nyumba. Bibi Harusi alilia bandani. Fagio alitazama mbele, maji yakimchuruzika puani, akitamani shimo lake limmeze na usafi wake wote.

Sindano hakucheka, na kwa Sindano hilo si jambo dogo. Alishuka nyuma ya tuta, pale palipokuwa na mkondo mweusi. Maji ya mvua yalikuwa yakipita hapo, yamechanganyika na udongo kama maji ya mvua yoyote. Aliinama, akakinga kiganja, akanusa. Akasogea hadi penye jiwe, akakinga tena, akanusa. Akateremka hivyohivyo, akiinama na kunusa, hadi kisimani, Fagio akimfuata nyuma na koleo begani bila kuthubutu kuuliza. Kisimani akafunua, akavuta ndoo, akakaa nayo muda mrefu uso wake ukiwa karibu na maji.

Kisha akanywa. Alikunywa kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akageuka, akaenda hadi kwenye pikapu, akagonga dirisha.

"Mama, twende?" kijana akauliza.

"Shusha cherehani, mwanangu, kabla haijaingia kutu."

"Mama, na kile chumba?"

"Nitakuja kukutembelea. Shusha." Akamtazama kaka yake aliyekuwa amesimama tu kwenye mvua, machozi na maji yamechanganyika usoni wala hajali nani anaona. "Na wewe usinisimamie hapo. Ni nzito hiyo. Shika upande wa pili."